Ngano, pilsna, stauti au IPA: uagize ipi ukiwa Kisumu

Ukiingia baa nyingi za Kisumu utaulizwa swali moja: baridi au moto? Mhudumu hana haja ya kukuuliza mtindo wa bia unayotaka, maana karibu kila chupa iliyo kwenye friji nyuma yake ni laga, na laga hizo zinatofautiana kwa lebo kuliko kwa ladha. Sasa zimeanza kuingia bia za viwanda vidogo, vile vinavyopika mitungi michache kwa mkupuo mmoja, na pamoja nazo orodha ya majina ambayo wengi wetu hatujawahi kuyatamka. Bei iko juu. Mhudumu mwenyewe hajaonja. Basi mtu anaagiza kwa kubahatisha, analetewa glasi chungu kama shubiri, anaisukuma kando na kuapa kwamba bia hizi ni za watu wengine.

Nimeliona jambo hili mara nyingi na linaniuma, kwa sababu naamini mtu huyohuyo angepewa glasi ya pembeni yake angefurahi. Kosa si ulimi wake, ni glasi aliyoanza nayo. Ndiyo maana Jumamosi moja niliweka chupa za mitindo minne mezani, zote kutoka kiwanda kimoja kidogo, nikawaita watu watatu tuonje na kutoa alama. Jina la kiwanda silitaji, kwani ninachokupa hapa ni namna ya kuchagua mtindo, na mitindo hii utaikuta kwa mpishi yeyote mdogo wa bia nchini.

Waonjaji walikuwa hawa. Mjomba wangu, aliyeteremka kutoka Vihiga, mnywaji wa busaa, ile pombe yetu ya nafaka, tangu ujana wake. Shemeji, ambaye kwa miaka yote niliyomjua hunywa laga moja tu, na huinywa moto. Dada mmoja anayekaanga samaki Dunga, ambaye pua yake naiamini kuliko yangu. Huyu hukuambia mafuta yamechoka kabla hujayaona. Na mimi. Glasi tulizibandika karatasi zenye herufi, kila mmoja akapata kiasi cha robo glasi, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka wote wameonja. Vinywa tulivisafisha kwa maji na kipande cha ugali mkavu.

Kwanza, busaa

Huwezi kuzungumza na mtu wa magharibi mwa Kenya kuhusu ladha ya bia ukairuka busaa. Nilipokuwa mdogo nilimtazama nyanya akiipika. Unga wa mahindi ulikandwa kwa maji, ukaachwa siku mbili tatu hadi ukachacha, kisha donge lile likatandazwa juu ya bati pana lililotegwa juu ya moto, na kina mama wawili wakawa wanaligeuza kwa koleo mpaka likavunjika kuwa chembechembe za rangi ya kahawia. Harufu ilifika barabarani: mahindi ya kuchoma, na mkate ulioungua kidogo pembeni. Chembe zile ziliingia mtungini pamoja na maji na kimea cha wimbi, yaani wimbi lililoloweshwa likaota, likaanikwa na kusagwa. Baada ya siku kadhaa mtungi ulikuwa unachemka wenyewe bila moto.

Ulimi uliolelewa na kinywaji hicho unajua mambo mawili vizuri sana: nafaka iliyokaangwa, na uchachu. Unajua pia uzito, maana busaa ni kinywaji na chakula kwa pamoja. Ambacho haujui ni uchungu wa hopi. Hopi ni maua ya mmea unaotambaa, yanayotiwa kwenye bia ikichemshwa ili kuipa uchungu na harufu, na kuisaidia isiharibike upesi. Shayiri tunayo, inalimwa Mau Narok, Molo na Uasin Gishu. Hopi inapenda nchi zenye majira ya baridi kali na siku ndefu za kiangazi, kwa hiyo wapikaji wetu huiagiza kutoka nje. Babu zetu hawakuwahi kuionja.

Ukilishika hilo, kuchagua kunakuwa rahisi. Usifuate rangi wala nguvu. Fuata uchungu, anzia chini ukipanda juu, na jiulize kila mara ulimi wako umezoea nini. Uchungu una kipimo chake cha namba ambacho viwanda vingine huandika kwenye lebo kwa herufi IBU. Laga za kawaida mara nyingi huwa chini ya 25. Bia ya ngano ya mtindo wa Kijerumani iko kati ya 8 na 15. Pilsna na stauti hucheza kati ya 25 na 45. IPA huanzia kama 40 na kufika 70.

Ngano

Hii ndiyo tuliyoanza nayo, na kama hujawahi kunywa bia ya kiwanda kidogo, nakuomba uanze nayo wewe pia.

Angalau nusu ya nafaka yake ni ngano badala ya shayiri, na haichujwi, kwa hiyo inakaa na ukungu kama uji mwepesi uliotulia. Harufu yake humshangaza kila mtu mara ya kwanza: ndizi mbivu na karafuu. Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu. Hamira yenyewe, inapokula sukari ya kimea, huzalisha harufu hizo, na ile ya ndizi hutokana na kemikali ileile iliyomo kwenye ndizi mbivu. Dada wa Dunga aliinusa mara mbili, akatazama mezani kama kuna tunda mtu ameliweka.

Chupa ya bia hii huwa na tabaka la hamira chini. Namna ya kuimimina ni kumwaga sehemu kubwa taratibu, kubakiza kidogo chini, kuizungusha chupa ili hamira iamke, ndipo kumalizia. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza wenzangu hayo. Kabla sijafungua mdomo, mjomba, aliyepewa chupa amimine, aliinua juu kwenye mwanga, akaiona hamira imelala, akaizungusha mara tatu na kumalizia glasi.

"Mjomba, nani alikufundisha hivyo?"

"Nifundishwe nini, mwanangu? Kinywaji chenye machicha chini unakiamsha kwanza."

Aliipa 9. Alisema ina mwili, na hiyo ndiyo sifa aliyoitafuta. Dada aliipa 8, mimi vilevile. Shemeji aliipa 6 kwa sababu ya ile ndizi, ambayo kwake ilikuwa kama peremende za watoto. Namwelewa. Kama hupendi vitu vyenye harufu tamu, ngano haitakushika, hata kama yenyewe si tamu mdomoni.

Udhaifu wake ni kwamba hujaza tumbo haraka, na ikikosa baridi ya kutosha inalemea. Kwa chakula, ipe mwenzi wake wa haki: kuku wa kienyeji wa mchuzi, wenye tangawizi na dania. Karafuu ya bia na viungo vya mchuzi vinaongea lugha moja. Kwa mtu wa Kakamega au Vihiga anayetaka kuonja bia mpya bila kuiacha meza ya nyumbani, sijui ndoa bora kuliko hii.

Pilsna

Hapa sina maneno mengi. Pilsna ni laga, ndugu wa damu wa zile unazozijua. Iliyotoa jina ilipikwa mara ya kwanza mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, ambao leo uko Ucheki, na laga nyingi za dunia zimeiga kutoka kwake. Tofauti ni kwamba ile ya kiwanda kidogo ina kimea kingi zaidi na uchungu unaosikika, mkavu na safi, unaosafisha ulimi badala ya kuung'ang'ania. Shemeji aliitambua papo hapo kama jamaa ya bia yake na kuipa 8. Wastani wetu ulikuwa 7 na nusu.

Ni bia isiyo na pa kujificha. Haina ndizi, haina moshi, haina harufu ya matunda; mpishi akikosea kidogo utajua. Ukitaka kupima kama kiwanda kidogo kinajua kazi yake, onja pilsna yao kabla ya nyingine zote.

Na hii ndiyo bia ya ngege wa kukaanga. Ngozi kavu ya samaki, ndimu, kachumbari, kisha funda la pilsna baridi: mafuta yanaondoka ulimini na unarudi kwenye samaki kana kwamba ndiyo kwanza unaanza. Angalizo moja tulilolipata kwa macho: baada ya samaki kufika, povu la glasi ya shemeji lilitoweka kwa dakika moja, huku la dada likabaki limesimama kidole kizima. Shemeji alikuwa anakunywa na midomo yenye mafuta; dada alijifuta kila mara. Mafuta huua povu, na povu ndilo linalobeba harufu. Sabuni iliyobaki kwenye glasi hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo pangusa mdomo, na ukiletewa glasi yenye harufu ya sabuni irudishe bila haya.

Stauti

Watu wengi hapa hawaigusi kwa sababu ya rangi. Nyeusi ni kali, ndivyo tulivyoambiwa. Si kweli. Weusi wa stauti hutokana na shayiri iliyokaangwa sana, karibu kama buni, na rangi hiyo haihusiani na kiasi cha kilevi. Ziko stauti kali, na ziko nyepesi. Stauti ya mtindo wa Ireland isiyo tamu mara nyingi huwa kati ya asilimia 4 na 5. Ile ya kwetu mezani ilikuwa 4.5, pungufu ya bia ya ngano tuliyokunywa kwanza, iliyokuwa 5. Soma lebo, usisome rangi.

Niliitoa kwenye friji dakika 20 kabla. Hili ni la lazima. Ikiwa baridi sana stauti hufunga mlango. Unapata maji meusi yenye uchungu basi. Ubaridi ukipungua hadi ule wa maji ya mtungi, inafunguka: kahawa, chokoleti chungu, ukoko wa ugali ulioshika sufuria. Tazama kwamba mtu aliyezoea kuagiza "moto", kama shemeji, yuko karibu zaidi na namna sahihi ya kuinywa kuliko yule anayetaka chupa itoke na barafu.

Mjomba alichukua funda la kwanza, akaliacha kinywani muda mrefu kuliko kawaida. Akaweka glasi chini, akaangalia pembeni.

"Bati la mama," alisema.

Sote tulinyamaza. Mama anayemtaja ni nyanya yangu, na bati ni lile la chembechembe za mahindi. Na alikuwa amesema kweli tupu: shayiri iliyokaangwa na mahindi ya busaa yaliyokaangwa hupitia badiliko lilelile, joto kali likiigeuza nafaka kuwa ya kahawia na kuipa harufu ya mkate na kahawa. Nimekunywa stauti miaka kadhaa na sikuwahi kuiona njia hiyo. Tangu siku hiyo siwezi kuinywa bila kuiona.

Nikitoa alama peke yangu naipa 8 na nusu, ya juu kuliko zote. Mjomba alitoa 9, sawa na ngano, na alikataa kuchagua kati yao. Dada aliipa 7. Alisema inamkatia ladha ya samaki, na kwa samaki wa kukaanga yuko sahihi. Iweke kando ya nyama choma, pale pembeni palipoungua, au kando ya aliya, ile nyama iliyokaushwa juani kisha ikapikwa kwa maziwa au samli. Hapo haina mpinzani.

IPA

Tumefika kwenye glasi inayowafukuza watu.

Herufi hizo ni kifupi cha India Pale Ale, bia ya Uingereza iliyokuwa ikisafirishwa India kwa meli tangu karne ya 18, ikitiwa hopi nyingi iweze kuvumilia safari. Leo wapikaji wa viwanda vidogo duniani kote wanaipenda kwa sababu ni uwanja wa kuonyesha hopi: harufu ya maganda ya chungwa, embe, pasheni, wakati mwingine majani mabichi ya msonobari. Na kwa kuwa wapikaji wanaipenda, ndiyo wanayoisifu kwanza kwa mgeni. Hapo ndipo tunapoteza watu. Kumpa mtu wa laga IPA kama bia yake ya kwanza ni kumfundisha mtoto kuogelea katikati ya ziwa.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mbaya. Shemeji 4. Mjomba 5, na neno moja: "Dawa." Dada alipenda harufu, akasema kama ingekuwa ya kunusa tu angeipa 9, lakini kuinywa aliipa 6. Mimi nilitoa 7. Tulikuwa tunakula omena ya kukaanga wakati huo, na nadhani omena ilichangia. Uchungu ule na mafuta ya omena viliacha ladha ya chuma mdomoni, kama umelamba kijiko.

Nilikataa kuishia hapo, kwa sababu siamini kabisa maneno kwamba watu wetu hawapendi uchungu. Tunakula managu. Tunakula saga, mboga chungu kuliko IPA yoyote. Lakini hakuna mama wa magharibi anayepakua saga tupu. Anaichemsha, anaitia maziwa, anaiacha ilale, kesho anaitia maziwa tena, hadi uchungu unabaki kama mstari mwembamba ndani ya utamu wa maziwa. Uchungu kwetu hauliwi peke yake. Unaozeshwa na mafuta.

Kwa hiyo omena iliondoka mezani na ikaja mbuzi choma, ubavu wenye mafuta, pamoja na parachichi lililonyunyiziwa chumvi. Pilipili niliikataza, kwa sababu pilipili na uchungu wa hopi huchocheana. Chupa nyingine ya IPA ikafunguliwa. Shemeji alipanda kutoka 4 hadi 6, na kwa mtu huyu hayo ni maendeleo makubwa. Dada alifika 8. Mjomba alibaki na 5 yake, akasema mbuzi ni mzuri. Nami nikaipa 8. Ukiagiza IPA, agiza pamoja na kitu cha mafuta, au usiagize.

Jambo jingine ni umri wake. Harufu ya hopi hupotea haraka, hasa chupa ikikaa kwenye joto, na mchana wa Kisumu unaofika nyuzi 29 au 30 hauihurumii. Tafuta tarehe ya kujazwa. Ikipita miezi mitatu waachie wenyewe. Nilinunua chupa moja mahali fulani mjini, ilikuwa imepangwa rafu ya dirishani, juani. Chupa yenyewe ilikuwa ya kijani. Nilipoifungua nyumbani, harufu ya kicheche ilijaa chumba. Sisemi kwa kutia chumvi: mwanga wa jua hugusa kemikali za hopi na kuzigeuza kuwa kitu cha jamii moja na kile anachorusha mnyama yule. Chupa za kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, za kijani na nyeupe hazizuii vya kutosha. Hasara ilikuwa yangu, na kosa lilikuwa la rafu, si la mpishi. Omba chupa iliyotoka kwenye friji au kasha, kila mara.

Nguvu na mfuko

Hesabu hii ifanye kabla hujalalamika kwamba chupa ni ndogo. Bia hizi nyingi huja kwa mililita 330. IPA yetu ilikuwa asilimia 6.5, maana yake ndani yake mlikuwa na mililita 21 na kidogo za kilevi halisi. Chupa ya mililita 500 ya Tusker Lager, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21 kamili. Kwa hiyo chupa ile ndogo ni sawa na ile kubwa, na mtu akinywa tatu akidhani amekunywa "vichupa vitatu" atashangaa miguu inamkana. Ngano ilikuwa na kama 16 na nusu, stauti kama 15. Kama umekuja na pikipiki, hesabu hizi zisikudanganye. Mwachie uendeshaji mwenye boda ambaye hajanywa kitu.

Kwa bei nilizolipa, chupa ndogo ya kiwanda kidogo ilinigharimu zaidi ya chupa kubwa ya laga. Sitakuambia hiyo ni rahisi. Ninachokuambia ni kwamba bia hizi si za kunywa sita. Ni za kunywa moja au mbili, taratibu, na chakula, na ukizinywa hivyo pesa inayotoka jioni nzima haipishani sana. Kama shabaha yako ni kukata kiu na kukaa na marafiki hadi usiku bila kuumiza mfuko, keg ya Senator, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004 na inayopikwa kwa mtama, inafanya kazi hiyo kwa uaminifu, na mtama wake umewapa wakulima wa upande huu soko. Siiweki kwenye mashindano haya kwa sababu imetengenezwa kwa haja nyingine.

Mahali unaponywea

Tulionja Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya bahari, upepo wa ziwa ukivuma wenye unyevu. Huko ngano na pilsna zina faida tangu mwanzo. Wiki chache baadaye nilirudia stauti na IPA nikiwa Nakuru, mita 1,850 hivi, jioni ya baridi baada ya mvua, na mutura kwenye sahani. Ningetoa alama siku hiyo, IPA ingepata 8 na nusu bila ubishi, maana mutura ina mafuta na moshi kwa pamoja, na stauti ingefika 9. Pilsna ileile ingeshuka hadi 6. Nani anataka kinywaji cha barafu akiwa amevaa sweta?

Utaona pia povu ni jingi zaidi huko juu. Hewa ikiwa nyepesi gesi hutoka kwa urahisi. Mimina polepole, glasi ikiwa imelazwa, na usimlaumu mhudumu wa bia ya mfereji akikuletea glasi yenye kofia ndefu; mpe dakika moja ishuke aongeze.

Kama mko wanne na mna pesa ya chupa sita tu, mimi ningenunua hivi: ngano mbili, pilsna moja, stauti mbili, IPA moja. Mgawane glasi. Muanze na ngano, IPA ije mwisho pamoja na nyama. Kama kati yenu kuna mtu wa laga asiyebadilika, mwachie pilsna nzima na msimsumbue. Kama kuna mzee wa busaa, msimpe ushauri wowote, mpeni ngano na stauti mkae mkimsikiliza.

Mjomba aliondoka Jumapili asubuhi na stauti mbili zilizobaki, nimezifunga kwa gazeti katikati ya mfuko wa omena ili jua lisizione ndani ya matatu. Jioni alipiga simu. Amezisimamisha kando ya mtungi wa maji, kwenye kona ya giza, na amemwalika mzee mwenzake Jumatano. Alitaka kujua jambo moja tu, kama stauti inaweza kunywewa kwa mrija, kama busaa. Nikamwambia sijawahi kuona, ajaribu na moja, nyingine wainywe kwa glasi, kisha anipigie.